Msalaba Mwekundu wa Mtakatifu George: Asili na Safari ya Bendera ya Waingereza

Uingereza ni jina moja lililobebeshwa mizigo miwili. Katika Kiswahili mara huwa ni nchi moja, ile yenye mji wa London, iliyopakana na Uskoti upande wa kaskazini na Wales upande wa magharibi; mara huwa ni dola nzima, iliyozikusanya nchi hizo pamoja na Ireland ya Kaskazini chini ya taji moja. Kwa kuwa jina limechanganyika, bendera nazo zimechanganyika. Bendera iliyopandishwa kila asubuhi mbele ya boma la Bwana Shauri, na iliyoteremshwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 na Nairobi usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, iliitwa na watu wote bendera ya Mwingereza. Kwa hakika ile ilikuwa bendera ya muungano wa nchi kadha wa kadha. Mwingereza mwenyewe, yule wa nchi ile moja, ana bendera yake nyingine, ambayo ni kongwe kuliko hiyo kwa zaidi ya miaka 300: kitambaa cheupe kilichogawanywa kwa msalaba mwekundu toka ukingo hata ukingo. Wala kosa hili si la Waswahili peke yao. Waingereza wenyewe kwa karne nyingi walizoea kulitaja jina la nchi yao wakiwa na maana ya dola yote, na Mskoti aliyeyasikia hayo alinuna.

Msalaba huo huitwa msalaba wa Mtakatifu George, na hapo ndipo inapoanzia ajabu ya kwanza; maana George hakuzaliwa Uingereza, hakufa Uingereza, wala hakuikanyaga ardhi yake. Wakristo wa mashariki walimheshimu kama askari wa dola ya Rumi aliyeuawa kwa ajili ya dini yake mnamo mwaka 303, zama za Kaisari Diocletian, na kaburi lake lilionyeshwa katika mji wa Lydda, nchi ya Palestina. Kupita hayo machache, habari zake ni hadithi zaidi kuliko historia. Hata lile joka ambalo wachoraji humwonyesha akilichoma mkuki halimo katika habari za kale zaidi. Liliingia miaka mia saba hivi baada ya kifo chake, likaenea Ulaya kwa kitabu cha maisha ya watakatifu alichokitunga Jacobus de Voragine katika karne ya 13. Huko Lydda kanisa lake na msikiti vimejengwa bega kwa bega, kwa kuwa Waislamu wa Palestina nao walimhusisha George na Khidhri, yule mja wa Mungu ambaye wafasiri wa Kurani husema ndiye aliyefuatana na Nabii Musa katika sura ya Kahf. Mtoto wa pwani aliyesoma chuoni humjua Khidhri kabla hajapata kumsikia George. Hivyo mwenye bendera ya Waingereza si mgeni kabisa katika nyumba za Waswahili, ila amepita mlango mwingine.

Jinsi mtakatifu huyu wa nchi ya joto alivyofika kuwa mlinzi wa kisiwa cha baridi ni jambo lililozungukwa na masimulizi yasiyo na mizizi. Mawili ndiyo mashuhuri. La kwanza husema kwamba Mfalme Richard I, aliyepigana na Salahuddin katika Vita vya Msalaba, alizuru Lydda, akaomba msaada wa George, akashinda, akarudi kwao na msalaba wake. Waandishi wa zama za Richard hawakuandika jambo hilo. Lilianza kusimuliwa karne nyingi baada ya mfalme kuzikwa, wakati ambapo George alikuwa amekwisha kuwa mkubwa na watu walimtafutia asili inayomfaa. La pili husema kwamba mji wa Genoa, ambao bendera yake ni msalaba ule ule, uliziruhusu merikebu za Waingereza kutweka bendera yake ili maharamia wa Bahari ya Kati waziogope, na kwamba mfalme wa Uingereza alilipa ada kila mwaka kwa heshima hiyo. Simulizi hili lina utamu wake. Mwaka 2018 Meya wa Genoa, Marco Bucci, alimwandikia Malkia Elizabeth II barua ya mzaha akidai malimbikizo ya miaka 247. Lakini deni huthibitishwa kwa hati, na anayedai kwa mzaha huwa amekubali kwamba hati hanayo.

Iko habari moja ya wakati ule wenyewe, nayo inawatahayarisha wasimulizi wote. Mwezi wa Januari mwaka 1188, miezi michache baada ya Salahuddin kuutwaa mji wa Yerusalemu, Mfalme Henry II wa Uingereza na Mfalme Philip II wa Ufaransa walikutana karibu na Gisors wakaapa kwenda vitani pamoja. Ili majeshi yao yasichanganyike walipatana juu ya alama, kama anavyoeleza mwandishi Roger wa Howden: watu wa mfalme wa Ufaransa wavae msalaba mwekundu, watu wa mfalme wa Uingereza wavae mweupe, na watu wa Flanders wavae wa kijani. Yaani rangi ambayo Mwingereza wa leo huiona kama damu yake mwenyewe ilikuwa ya Mfaransa, na nyeupe ya Mfaransa ilikuwa yake. Miaka mia na hamsini baadaye, mataifa hayo mawili yalipokuwa yakichinjana katika vita virefu, yalikuwa yamekwisha kubadilishana misalaba. Hakuna mkutano uliofanywa wa kubadilishana. Alama hizi zilihama polepole, kama desturi zihamavyo, na aliyezivaa hakujua kuwa anaandika historia.

Mwanzo ulio thabiti umo katika daftari za matumizi ya mfalme, wala si katika maono ya mtakatifu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1265, huko Evesham, watu wa upande wa mfalme walijitia misalaba myekundu ili wajuane. Amiri wa upande huo alikuwa mwana wa mfalme, Edward. Alipotawala mwenyewe kwa jina la Edward I na kuwaendea watu wa Wales kwa vita mwaka 1277, makarani wake waliandika gharama za vikinga mkono vya wapiga upinde na vibendera vya mikuki vyenye alama ya Mtakatifu George. Asiyependa hesabu ataona kwamba huu ni mwanzo mnyonge wa bendera ya taifa. Walakini karani aliyenunua kitambaa hana sababu ya kusema uongo, na ushahidi wake wapita ule wa mashairi. Mwaka 1300 Edward huyo huyo aliizingira ngome ya Caerlaverock kule Uskoti, na ilipoanguka, juu yake zilipandishwa bendera za mfalme pamoja na za watakatifu watatu: Edmund, Edward na George.

Edmund na Edward walikuwa wafalme wa Kiingereza halisi. Edmund aliuawa na Wadani mwaka 869; Edward, aliyeitwa Mkiri, alifariki mwanzoni mwa mwaka 1066, na kaburi lake limo Westminster. Kwa haki ya nasaba mmoja wao ndiye aliyestahili kuwa mlinzi wa nchi. Mgeni aliwapita wote wawili, na sababu yake yaonekana wazi: wafalme wa kizazi hicho walitaka askari, na George alikuwa askari. Edward III alipounda mnamo mwaka 1348 jumuiya ya mashujaa iitwayo Garter, aliiweka chini ya ulinzi wa George, na kanisa lake likawa Windsor, katika kasri ya mfalme. Baada ya ushindi wa Agincourt mwaka 1415, sikukuu yake ya tarehe 23 Aprili ilipandishwa cheo ikawa miongoni mwa sikukuu kubwa za nchi.

Hata hivyo hakuna maandishi yanayoonyesha maana ya msalaba huu kwa mtu wa kawaida kama sheria za vita alizozitoa Mfalme Richard II huko Durham mwaka 1385, alipokuwa akielekea Uskoti. Kila mtu wa jeshi lake, wa cheo chochote, aliamriwa avae alama kubwa ya Mtakatifu George mbele na nyuma. Aliyeiacha akajeruhiwa au akauawa na wenzake kwa kudhaniwa adui, aliyemuua hakuwa na hatia. Na adui yeyote aliyekamatwa ameivaa alama hiyo kwa hila, adhabu yake ilikuwa kifo. Humo hamna neno la sala wala la joka. Msalaba ulikuwa ni uhai wa mtu uliopakwa rangi juu ya nguo yake: akiuvaa atajulikana, akiuvua damu yake haina mlipaji. Wanaosema leo kwamba bendera hii ilianza kama ishara ya imani tupu hawakosei kabisa, kwa maana ni msalaba. Lakini pale ilipoanza kuwagusa watu maelfu kwa maelfu ilikuwa ni alama ya kumtenga wa kwetu na wa kwao, na kazi hiyo haijapata kuiacha.

Mageuzi ya dini ya karne ya 16 yangeweza kuuzika msalaba huu. Waprotestanti waliwaondoa watakatifu makanisani, wakavunja sanamu zao na kuzikunja bendera zao. Bendera ya Edmund na ya Edward zikapotea katika desturi za dola. Ya George ilibaki, kwani ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa mapadri na kuingia mikononi mwa manahodha.

Baharini ndiko ilikopata ukubwa wake. Mwaka 1497 John Cabot, Mtaliani wa Venice aliyetumwa na Mfalme Henry VII, alisimamisha bendera ya Uingereza pwani ya Amerika ya Kaskazini, na kando yake akasimamisha ya Mtakatifu Mark, mlinzi wa Venice, asije akausahau mji wake. Mwaka 1588 merikebu zilizopigana na kundi kubwa la merikebu za Hispania zilikuwa na msalaba wa George. Na miaka mitatu tu baada ya hapo msalaba huo ulifika Unguja.

Merikebu tatu ziliondoka Plymouth mwaka 1591 kwenda kutafuta njia ya biashara ya mashariki. Moja ilirudishwa kutoka kusini ya Afrika ikiwa imepakia wagonjwa. Ya pili ilipotea katika dhoruba. Ya tatu, Edward Bonaventure, chini ya nahodha James Lancaster, ilipoteza watu wengi Komoro, kisha ikatia nanga Unguja mwishoni mwa Novemba. Ilikaa hapo mpaka katikati ya Februari mwaka 1592, ikingoja pepo. Ni merikebu ya kwanza ya Kiingereza ambayo kukaa kwake Unguja kumeandikwa. Bendera ya Muungano ilikuwa bado haijabuniwa. Alama ya merikebu za Kiingereza ilikuwa msalaba huo mwekundu juu ya nyeupe. Wenyeji waliwaambia mabaharia hao kwamba Wareno, waliokuwa na kituo kidogo kisiwani, wamewaonya wasiwakaribie Waingereza kwa kuwa ni watu wakatili, tena hula watu. Yafaa kukumbuka kwamba msalaba mwekundu haukuwa kitu kigeni machoni pa watu wa pwani. Tangu mwaka 1498 walikuwa wameuona juu ya matanga ya Wareno, ambao walivaa msalaba wa jumuiya yao ya Kristo, na hata neno bendera lenyewe Waswahili walilipata kwa Wareno hao. Ilikuwaje basi mtu wa Unguja autofautishe msalaba mwekundu wa aliyemuonya na msalaba mwekundu wa aliyeonywa juu yake? Yumkini alitazama bei ya bidhaa kuliko kitambaa.

Mwaka 1603 Malkia Elizabeth I alifariki bila mtoto, na James, mfalme wa Uskoti, akarithi Uingereza pia. Taji zilikuwa mbili juu ya kichwa kimoja, na mabaharia wakagombana juu ya nani amwamkie nani. Tarehe 12 Aprili 1606 mfalme alitoa tangazo: merikebu za nchi zote mbili zitweke juu ya mlingoti mkuu bendera mpya yenye msalaba wa George na msalaba wa Andrea, mlinzi wa Uskoti, iliyounganishwa pamoja, na juu ya mlingoti wa mbele kila taifa litweke bendera yake lenyewe. Mfalme alidhani amepatanisha. Mwaka ule ule manahodha wa Uskoti walimpelekea malalamiko. Msalaba wa George, walisema, umelazwa mzima juu ya msalaba wao, na wao wamekatwa vipande vipande chini yake. Wakataka mchoro mwingine usiomfanya mmoja kuwa tandiko la mwingine. Malalamiko hayo hayakubadili kitu, na hadi leo mwenye kuitazama bendera ya Muungano ataona kuwa msalaba mwekundu uko juu, na mshazari mweupe wa Andrea uko nyuma. Mwaka 1801 Ireland ilipounganishwa na dola, mshazari mwekundu ulioitwa wa Mtakatifu Patrick uliongezwa, nao pia ukawekwa nyuma. Wales haikupata hata uzi mmoja, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uingereza tangu zama za Henry VIII. Mambo madogo kama haya ya mpangilio wa vitambaa huonekana ni ya mafundi cherehani. Lakini aliye chini hayasahau.

Mwaka 1634 Mfalme Charles I aliizuia bendera ya Muungano isitumiwe na merikebu za wafanyabiashara, akawarudishia Waingereza msalaba wa George na Waskoti ule wa Andrea. Mwaka huo huo, ng'ambo ya bahari, msalaba wa George ulikatwa kwa kisu. Katika mji wa Salem, Massachusetts, waliishi Waingereza waliokimbia kwao kwa sababu ya dini, watu wakali wasiopenda chochote chenye harufu ya Papa. John Endecott, mmoja wa wakubwa wao, aliikata sehemu ya msalaba katika bendera ya askari wa mji. Hoja yake na ya wenzake ilikuwa kwamba msalaba huo mwekundu ulitolewa na Papa kwa mfalme wa Uingereza kuwa alama ya ushindi, na kwa hiyo ni mabaki ya ibada ya sanamu. Habari hiyo ya Papa ni simulizi lingine la namna ya yale ya Richard na Genoa. Hata hivyo hadithi isiyo na ushahidi ilitosha kuinua kisu, na kisu kikaleta hofu ya kweli. Maana kuikata bendera ya mfalme kungeweza kuhesabiwa London kuwa ni uasi. Mwaka 1635 baraza la koloni lilimlaumu Endecott kwa haraka yake na kumzuia asishike cheo kwa mwaka mmoja. Cha kuchekesha ni kwamba wengi wa waliomhukumu walikubaliana naye moyoni. Askari walikuwa hawataki kufuata bendera yenye msalaba, nao wakaachwa. Mwaka 1636 manahodha waliofika Boston walipouliza kwa nini ngome ya bandari haina bendera ya mfalme, wakubwa wa koloni walikiri kwamba hawana hata moja. Wakaazima ya merikebu, wakaipandisha juu ya ngome hiyo peke yake, wakisema kuwa ngome ni ya mfalme na dhambi ya bendera ni yake.

Kule Uingereza kwenyewe mfalme huyo alikatwa kichwa mwaka 1649. Jamhuri iliyomrithi iliuvunja muungano wa bendera, ikaweka msalaba wa George pamoja na kinubi cha Ireland. Wafalme waliporudi mwaka 1660, bendera ya Muungano nayo ilirudi, na mwaka 1707 nchi mbili zikawa dola moja kwa sheria. Kutoka hapo bendera ya Waingereza kama taifa lao peke yao ilifunikwa kwa karne mbili na zaidi. Ilibaki juu ya minara ya makanisa. Na ilibaki baharini kwa umbo lingine: tangu mwaka 1702 bendera nyeupe ya manowari ilitiwa msalaba mkubwa wa George, ili isifanane na nyeupe tupu ya Wafaransa, na baadaye bendera ya Muungano ikawekwa pembeni juu. Mwaka 1864 bendera hiyo ilifanywa kuwa ya manowari zote za kifalme.

Ni kwa umbo hilo msalaba wa George ulirudi Unguja, zamu hii si kwa kungoja pepo. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila idhini ya Waingereza. Manowari zikakusanyika bandarini. Ile iliyomleta amiri wao, Harry Rawson, iliitwa kwa jina la mtakatifu mwenyewe: St George. Asubuhi ya tarehe 27, muda wa Khalid kuondoka ulipokwisha saa tatu kamili, mizinga ilianza kupiga kasri. Merikebu ya Sultani, Glasgow, ilijibu, na St George ikaizamisha pale pale bandarini, milingoti yake ikabaki imejitokeza juu ya maji. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au walijeruhiwa. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja. Mizinga ilinyamaza kabla ya saa nne, bendera nyekundu ya Sultani ilipoangushwa. Khalid alikimbilia nyumba ya balozi wa Kijerumani, na Hamoud bin Mohammed akatawazwa siku ile ile.

Mwaka huo huo wa 1896, tarehe 1 Machi, jeshi la Ethiopia liliwashinda Wataliani huko Adwa. Ilikuwa siku ya mwezi ambayo Waethiopia humkumbuka George, na tabot yake, yaani sanduku takatifu la kanisa lake, ilikuwa pamoja na jeshi. Kanisa kubwa la Giyorgis katika Addis Ababa ni ukumbusho wa ushindi huo. Kwa hiyo katika miezi sita Afrika ya mashariki ilimwona mtakatifu mmoja katika pande mbili: kule akiwa pamoja na wenye nchi dhidi ya dola ya Ulaya, huku jina lake limeandikwa ubavuni mwa manowari ya dola ya Ulaya dhidi ya wenye nchi. Waethiopia walikuwa wakimjua karne nyingi kabla ya Edward I kumnunulia vitambaa, na kanisa lake la Lalibela, lililochongwa katika mwamba mmoja kwa umbo la msalaba, linashuhudia hayo.

Katika karne ya 20 dola ilipungua na bendera iliyofunikwa ikaanza kuonekana tena, ingawa si upesi. Mwaka 1938 Kanisa la Uingereza liliagizwa rasmi kupandisha msalaba wa George wenye ngao ya dayosisi pembeni. Nje ya makanisa watu waliendelea kuisahau. Tarehe 30 Julai 1966, timu ya Uingereza iliposhinda Kombe la Dunia katika kiwanja cha Wembley, mashabiki walipunga zaidi bendera ya Muungano, kana kwamba Mskoti na yeye ameshinda, naye hakuwa na furaha hata kidogo. Miaka 30 baadaye, katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 1996 yaliyofanyika katika nchi ile ile, viwanja vilijaa msalaba mwekundu. Katikati ya tarehe hizo mbili Waskoti na watu wa Wales walikuwa wamedai mambo yao wenyewe, na mwaka 1999 walipata mabaraza yao ya kutunga sheria. Mwingereza akabaki anatafuta alama isiyo ya jirani zake, akaikuta katika sanduku la babu.

Alipoifungua alikuta wengine wameishika kabla yake. Vikundi vinavyowachukia wageni vilikuwa vimeichukua kuwa nembo, hata wengi waliona haya kuitundika dirishani, na wahamiaji kutoka Asia, Karibi na Afrika walipoiona juu ya mlango wa baa walipita upande wa pili wa njia. Wapo waliojitahidi kuiokoa, na watoto wa wahamiaji hao wameivaa mashavuni siku za mechi. Juhudi hizo zina ugumu wake. Mwezi wa Julai 2021 Uingereza ilishindwa na Italia katika fainali ya Ulaya kwa mikwaju ya penalti. Vijana watatu waliokosa, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, wote wenye asili ya Afrika au Karibi, walitukanwa kwa rangi yao usiku ule ule na watu waliokuwa wakipunga msalaba wa George mchana kutwa. Siku chache baadaye umati wa watu wengine uliufunika kwa barua na maua ukuta wa Manchester uliochorwa picha ya Rashford.

Hata sasa hakuna sheria ya Bunge iliyoifanya kitambaa hiki kuwa bendera ya Uingereza; ni desturi iliyoachiwa itembee. Ndiyo maana haina mwenyewe wa kuitetea wala wa kuizuia. Katika kiangazi cha mwaka 2025 watu walianza kuitundika juu ya nguzo za taa, kwanza Birmingham na miji ya jirani, kisha nchi nzima. Wengine walisema ni mapenzi ya nchi tu. Wengine, hasa waliokaa karibu na hoteli walimowekwa waombaji hifadhi, waliiona kama onyo. Baadhi ya halmashauri za miji ziliziteremsha kwa kusema zinahatarisha wapita njia, na usiku zikarudishwa. Penye njia panda zenye kiduara cheupe kilichopakwa katikati ya barabara, watu wasiojulikana waliongeza mistari miwili ya rangi nyekundu iliyokatana, na asubuhi magari yakapita juu yake yakienda kazini.